Sura ya Tano: Misheni Kongwe za Nyanda za Juu Kusini

Tosamaganga iko juu ya kilima, kama kilomita 15 kutoka Iringa mjini, upande uleule wa Kalenga ilikokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa. Wengi mkoani wanaijua kwa hospitali yake, na wengine kwa shule, maana vizazi vya vijana wamesoma pale. Wanaofika kwa ajili ya majengo yenyewe ni wachache. Ningependa waongezeke. Juu ya kilima kile pana kanisa kubwa lenye sura ya Kiitaliano, mapaa ya vigae vyekundu, nyumba za masista na makaburi, vyote vikiwa karibu karibu kiasi kwamba mgeni anaweza kuvizunguka kwa miguu asubuhi moja, bila haraka.

Waliotangulia kufika hapa walikuwa Wabenediktini wa St. Ottilien, kutoka Ujerumani. Walianza kazi mwaka 1896 kuingia 1897, na tarehe hizo zina uzito. Kalenga ilikuwa imeangushwa na majeshi ya Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, lakini Mkwawa alikuwa bado porini na watu wake, akipigana. Hakukamatwa. Alijiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Kwa hiyo kazi ya misheni ilianza nchi ikiwa bado vitani, na hakuna njia ya adabu ya kulizunguka jambo hilo. Kanisa na boma vilikuja katika miaka ileile, na watu wa Uhehe waliviona kwa jicho moja. Anayekwenda Tosamaganga bila kupita Kalenga, kwenye makumbusho linapohifadhiwa fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954, amesoma nusu ya barua. Nashauri uanze na Kalenga, halafu upande kilimani.

Wajerumani waliondolewa na Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1919 wakaja Wamisionari wa Consolata, shirika lililoanzishwa na padri Giuseppe Allamano mjini Turin mwaka 1901, yeye aliyetangazwa mtakatifu Oktoba 2024. Hao ndio walioipa Tosamaganga sura yake ya leo. Waitaliano walipenda kujenga kwa upana, na udongo wa Iringa uliwakubalia: tofali la kuchoma la huku ni gumu na jekundu, na ufundi wa kulifyatua na kulichoma haujapotea. Hadi leo, ukisafiri kati ya Iringa na Mafinga wakati wa kiangazi, utaona matanuri ya matofali yakifuka moshi kando ya mabonde. Anayetaka kujua kanisa la misheni lilijengwaje hana haja ya kutafuta picha za zamani. Asimame kwenye tanuri mojawapo aongee na mafundi. Atawaona wakikanda udongo kwa miguu, wakiumwaga kwenye kibao, wakianika tofali, wakipanga tanuri na kuacha matundu ya kuni, kisha wakikesha na moto.

Makanisa haya yalijengwa hivyohivyo, na waliofanya kazi hiyo walikuwa watu wa vijiji vya jirani. Vitabu vya wamisionari vinataja padri aliyechora ramani na bruda aliyesimamia. Waliosomba mawe ya msingi, waliobeba maji, waliopasua mbao za kenchi na waliokesha tanurini hawakuandikwa majina. Ukiingia katika kanisa lolote nitakalolitaja, tazama ukuta kwanza, altare baadaye. Mahali ambapo lipu imebanduka utaona safu za matofali zisizolingana sana: hili limeungua zaidi, lile limepinda kidogo. Hizo ni kazi za mikono ya watu, na wajukuu wao huenda wamekaa benchi la mbele yako.

Lazima niseme neno kuhusu Uingereza, kwa sababu msomaji wa vitabu vya utalii atakuwa amekutana na picha za magofu ya huko. Fountains Abbey, katika bonde moja la Yorkshire, ilianzishwa na wamonaki mwaka 1132. Tintern ilitangulia mwaka mmoja, 1131. Ni kuta ndefu za mawe zisizo na paa, madirisha makubwa yasiyo na vioo, na majani mabichi yameota pale wamonaki walipokuwa wakisimama kuimba. Magofu hayo hayakuletwa na tetemeko wala vita vya wageni. Kati ya mwaka 1536 na 1540 Mfalme Henry VIII alifunga nyumba za watawa mamia kwa mamia na kuchukua ardhi na mali zao. Risasi iliyoezeka mapaa ilivuliwa na kuyeyushwa iuzwe, na jengo lisilo na paa katika nchi ya mvua halingoji sana. Mawe mengine yalibebwa na majirani wakajengee nyumba zao. Leo watu hulipa kiingilio kutembea ndani ya kilichobaki.

Utawa ule uliovunjwa kule unaendelea hapa kwetu. Wamonaki wa Fountains na Tintern walifuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa nchini Italia katika karne ya 6. Kanuni hiyohiyo inafuatwa leo Peramiho na Hanga mkoani Ruvuma, Mvimwa mkoani Rukwa, na kwa masista wa Mtakatifu Gertruda wa Imiliwaha, Njombe. Mtanzania anayetaka kujua abasia ya zama za kati ilikuwa mahali pa namna gani ilipokuwa na watu ndani yake hana haja ya kwenda Yorkshire akapige picha kuta tupu. Apande basi la Songea.

Peramiho ilianzishwa mwaka 1898. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, ilichomwa moto, na mwezi Agosti mwaka huohuo Askofu Cassian Spiss, aliyekuwa ameianzisha, aliuawa na wapiganaji akiwa safarini na wenzake. Ilijengwa upya. Mwaka 1931 ikawa abasia, na kanisa lake kubwa la leo, lenye minara inayoonekana toka mbali, ni la miaka ya 1940. Hata hivyo kanisa ni sehemu moja tu ya mahali pale. Zunguka uone karakana za useremala na uashi, kiwanda cha kuchapa vitabu, hospitali, mashamba na mifugo. Wamonaki huanza siku kwa masifu alfajiri, kisha kila mmoja huenda kazini, na kengele huwarudisha kanisani mara kadhaa hadi usiku. Hivyo ndivyo walivyoishi watu wa Fountains kwa miaka 400, wakifuga kondoo na kuuza sufu. Katika magofu ya Uingereza, mwongozaji huonyesha kwa kidole alama za sakafuni: hapa palikuwa jiko, hapa bwalo, hapa ghala. Peramiho unaingia ghalani ukakuta magunia.

Hanga ilianza miaka ya 1950 kwa ajili ya wamonaki Waafrika, na Mvimwa ikazaliwa kutoka Hanga. Ni nyumba changa, na ndiyo maana nazitaja katika sura hii ya majengo makongwe. Mtu husoma kwamba mwaka 597 mmonaki Augustino alitumwa kutoka Roma kuwahubiria Waingereza, akafika Canterbury na wenzake, wakajenga. Ni habari ya zamani mno, ngumu kuiwazia. Mwenye kuuliza nyumba ya watawa huanzaje katika nchi ngeni kwa utawa, nani hutoa ardhi, vijana hutoka wapi, wazazi husema nini mtoto anaposema haoi, anaweza kukuta Hanga au Mvimwa watu wenye majibu ya mdomoni.

Sasa twende upande wa Mbeya, kwa sababu huko ndiko ninakokupenda zaidi.

Ukishuka kutoka Uyole kwenda Tukuyu, barabara inaingia katika nchi ya ndizi, chai na ukungu. Baada ya Kiwira, kabla ya Tukuyu, kuna njia ya kwenda Rungwe Misheni, chini ya Mlima Rungwe wenye urefu wa mita 2,960. Hapa walifika Wamoraviani mwaka 1891. Walikuwa wanne: Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner. Hawakupitia Dar es Salaam. Walipanda mito ya Zambezi na Shire, wakavuka Ziwa Nyasa, wakaingia Unyakyusa kutokea kusini. Georg Martin alifariki mwaka huohuo. Mwaka 1897 mwanamke aitwaye Fiabarema alibatizwa, naye ndiye anayekumbukwa kuwa Mkristo wa kwanza wa kazi ile. Miaka sita ya kuhubiri ilitangulia ubatizo huo wa kwanza. Wanyakyusa hawakukurupuka.

Anayesema kwamba Tanzania Bara haina kanisa la zama za kati asome historia ya Moravian. Jan Hus, padri wa Bohemia, alichomwa moto mwaka 1415 kwa mafundisho yake. Mwaka 1457 wafuasi wa njia yake waliunda ushirika wao wenyewe, miaka 60 kabla ya Martin Luther kuanza kazi yake. Waliteswa, wakatawanyika, wakajificha, hadi mwaka 1722 waliobaki walipopewa hifadhi katika shamba la Nikolaus von Zinzendorf nchini Ujerumani na kujenga kijiji cha Herrnhut. Kutoka kijiji hicho walitoka wamisionari wa Rungwe. Kwa hiyo usharika wa Moravian wa pale Rungwe una ukoo wa imani uliokwisha kuwapo wakati Fountains ina wamonaki wake, na kondoo mwenye bendera unayemwona kwenye nembo za makanisa yao Mbeya nzima ni alama ya ushirika huo.

Ukifika Rungwe usiishie kanisani. Nenda makaburini. Wamoraviani tangu Herrnhut walizika watu wao kwa mawe yanayofanana, wakubwa kwa wadogo, wakiamini kwamba mbele ya Mungu hakuna kaburi la tajiri. Alfajiri ya Pasaka waumini hukusanyika makaburini kabla jua halijachomoza, na tarumbeta hupigwa. Tarumbeta nazo zina historia ndefu kwao, na vikundi vya Mbeya vinavyopiga leo ni warithi wa desturi iliyotoka kijijini kwa Zinzendorf. Kama unaweza kuchagua wakati mmoja tu wa kwenda Rungwe, chagua Pasaka. Lakini jiandae na mvua. Tukuyu ni miongoni mwa mahali penye mvua nyingi kuliko pote nchini, na mwezi wa nne njia za pembeni huwa tope tupu. Anayeogopa kukwama aende kati ya Julai na Oktoba, akikubali kwamba Pasaka imempita.

Kutoka Rungwe Wamoraviani walisambaa: Rutenganio na Ipyana mwaka 1894, Utengule mwaka uliofuata, kisha Mbozi, ambako Traugott Bachmann aliishi miaka mingi na kutafsiri Agano Jipya kwa Kinyiha. Anayekwenda kuona Kimondo cha Mbozi, kama wafanyavyo watalii wengi, atenge saa mbili za misheni pia. Upande wa mashariki wa Unyakyusa walikuwa Walutheri wa Misheni ya Berlin. Alexander Merensky alifungua kituo chao cha kwanza mwaka uleule wa 1891, wakaja Manow mwaka 1892 na Mwakaleli 1893. Pande mbili zilielewana mipaka ili zisigombanie vijiji, na mpaka ule bado unaonekana: uliza madhehebu ya watu njiani na utajua umeuvuka.

Sasa kuna miaka ambayo kila mgeni wa misheni hizi angepaswa kuijua, maana bila hiyo hataelewa kwa nini majengo yamesimama. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka kusini na kuiteka Tukuyu, na mwishoni mwa Agosti yakaingia Iringa. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kupelekwa kizuizini nje ya nchi. Wengi wa Moravian na Berlin hawakuruhusiwa kurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Waskoti wa Livingstonia, kutoka Nyasaland, walisaidia kadiri walivyoweza, lakini walikuwa wachache na mbali. Makanisa yaliachwa mikononi mwa walimu, wazee wa kanisa na akina mama.

Uingereza ya mwaka 1539 na Rungwe ya mwaka 1916 zilipatwa na jambo la aina moja: dola iliwaondoa waliokuwa wakiendesha nyumba ya sala. Kule paa lilivuliwa. Huku watu waliendelea kuezeka. Walipiga kengele Jumapili, walifundisha watoto kusoma na walizika wafu wao, na wamisionari waliporudi walikuta sharika zimesimama, mahali pengine kubwa kuliko walivyoziacha, na wazee waliokwisha zoea kuamua mambo wenyewe. Mwaka 1939 vita vilipozuka tena na Wajerumani wakakamatwa tena, watu walikuwa wanajua la kufanya. Ninapotazama mnara wa misheni ya Nyanda za Juu, miaka hiyo ndiyo inayonijia kwanza kuliko mwaka wa kufunguliwa. Bahati mbaya vibao vya ukutani huandika mwaka wa kufunguliwa tu.

Kusini ya Iringa, katika nchi ya Wabena ambayo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Njombe, kuna misheni za Berlin zenye kisa kikali zaidi. Yakobi, karibu na Njombe mjini, ilishambuliwa katika Vita vya Maji Maji na watu wa Mbeyela, mtawala wa Wabena, tarehe 19 Septemba 1905. Mmisionari Paul Gröschel na Wakristo waliokuwa naye waliigeuza misheni kuwa ngome, na washambuliaji wakarudi nyuma. Kwa Wabena siku ile bado ni ya pande mbili. Kuna familia zenye babu aliyekuwa ndani ya ukuta na babu aliyekuwa nje yake. Mgeni asiulize kwa pupa. Akiamkia vizuri, akisema kamwene na kungoja, mzee atasimulia mwenyewe.

Kidugala ina historia nyingine juu ya ile ya Wajerumani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ililetewa wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu hadi Siberia na kisha kupitia Iran. Makaburi yao yapo, kama yalivyopo ya wenzao wa Ifunda, upande wa Iringa. Na wilayani Kilolo kuna kijiji kiitwacho Pommern, jina la jimbo la kaskazini mwa Ujerumani, ambako nyumba ya zamani ya misheni na kanisa vipo, na vinatumika.

Kutumika huko ndiko kunakoyaweka majengo haya hai, na huko huko ndiko kunakoyatia hatarini. Sharika zinakua. Kanisa lililojengwa kwa watu 300 linapokea 800, wengine wanasikiliza mahubiri kutoka nje chini ya mti. Kamati ya ujenzi inaundwa, kadi za michango zinagawanywa, fundi anakuja kupima, na mtu mmoja kikaoni anasema kilicho rahisi: tubomoe hili la zamani, tujenge palepale. Sheria haitawazuia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Magofu ya Kilwa yamo. Misheni zote za Nyanda za Juu, kwa kuwa ni za baada ya mwaka huo, hazimo mpaka serikali itangaze jengo moja moja. Mwenye uamuzi ni kikao cha wazee wa kanisa.

Siwalaumu wanaotaka nafasi. Nawasihi wapime uwanja kabla ya kubomoa. Misheni nyingi zina ardhi ya kutosha, na kanisa jipya linaweza kusimama pembeni huku la zamani likibaki la watoto, la kwaya, la sala za katikati ya wiki. Ninawasihi pia kuhusu ukarabati, maana saruji imeharibu kuta nyingi zilizovumilia miaka 100 ya mvua. Ukuta wa matofali yaliyounganishwa kwa udongo au chokaa hupumua: unanyonya unyevu na kuutoa. Ukiufunika kwa lipu nzito ya saruji, unyevu unabaki ndani, tofali linalainika nyuma ya lipu, na baada ya misimu kadhaa vipande vinaanguka vikiwa vimeshikana na ngozi ya ukuta. Fundi mzuri atarudishia kwa udongo au chokaa, atatazama mifereji ya bati na kuondoa udongo uliorundikana kwenye msingi. Kazi hiyo haina gharama kubwa, ila haina fahari ya kukata utepe, na kwa hiyo huahirishwa.

Kwa msafiri, mambo ya kujua ni machache. Makanisa haya hayana kiingilio wala mwongozaji. Kwa Wakatoliki mtafute paroko au katekista. Kwa Walutheri na Wamoraviani, mchungaji au mzee wa kanisa. Piga hodi ofisini, jitambulishe, eleza umekuja kuona nini, na usipige picha kabla ya kuruhusiwa. Katika ibada usipige kabisa. Ukienda Jumapili, vaa kama anayekwenda kusali, kaa hadi mwisho na utoe sadaka, maana sadaka hiyo ndiyo inayonunua bati. Uliza kama kuna daftari la zamani la ubatizo. Pengine watalifungua mbele yako, na utakuta mwandiko wa kalamu ya wino, majina ya watu wa kijiji pamoja na ya wazazi wao, ukurasa baada ya ukurasa. Iringa beba koti zito mwezi Juni na Julai. Nyumba za kulala wageni za Peramiho zapaswa kuulizwa mapema, kwa sababu watu huenda kule kwa mafungo. Na kutoka Mwakaleli au Tukuyu, mwenye siku moja ya ziada ateremke hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kituo kingine cha zamani cha Walutheri. Ajitahidi ifike Jumamosi, siku ya soko la Lyulilo, mitumbwi inapotoka Ikombe imejaa vyungu vya Wakisi.